Nilimpa mzee juisi siku ya Yom Kippur: je, nilimharibia saumu yake?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tatu namtunza mzee mmoja Myahudi huku London. Ana miaka 82, ana kisukari, na anadungwa insulini kila jioni. Mwaka jana alifunga Yom Kippur, siku yao kuu ya kufunga na kutubu. Mnamo saa tisa mchana nilimkuta ameloa jasho, mikono inamtetemeka, ananiita kwa jina la marehemu mkewe. Nikampa juisi ya machungwa niliyoitia sukari, akainywa. Fahamu zilipomrudia akalia, na kwa siku mbili hakusema nami ila neno moja moja. Binti yake aliniambia nimeokoa maisha, lakini baba anaona saumu yake iliharibika. Sasa mwaka wao mpya umeingia, na juzi alinifuata jikoni, akasimama mbele yangu na kuniomba msamaha kwa kila neno kali aliloniambia mwaka huu. Nilibabaika, nikasema 'hapana shida', nikaendelea kuosha vyombo. Anasema atafunga tena. Je, nilitenda dhambi? Wao hawana ruhusa ya mgonjwa kula akalipa baadaye, au kutoa fidia kama sisi? Na safari hii nifanye nini?"

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jibu lenyewe, kwa kuwa naona umelibeba jambo hili mwaka mzima: hukutenda dhambi, kwa dini yako wala kwa dini yake. Glasi ile ya juisi haikumharibia mzee Yom Kippur yake. Kwa sheria ya Kiyahudi, kama marabi walivyoifafanua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, saa ile kumnywesha ndiko kulikokuwa kuishika siku hiyo, na kumwacha aendelee kufunga ndiko kungekuwa kuivunja. Mimi ni mwalimu wa historia ya dini, si rabi wala daktari, hivyo mengine nitakayoyaeleza itakubidi uyapeleke kwa wenye kazi yao. Hili la juisi, hata hivyo, naweza kulisema bila kusitasita.

Jina la siku hiyo haliko mbali na masikio yako. Kippur ya Kiebrania na kafara yetu, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, zimechipuka kwenye shina moja la lugha za Kisemiti. Tzom, yaani kufunga kwao, ni ndugu wa saumu, na teshuva yao, kama ilivyo toba yetu, maana yake ya asili ni kurudi. Pengine ni kwa sababu ya ujamaa huu kwamba wengi wetu wa pwani, tukisikia habari za Yom Kippur, tunadhani tumekwisha kuielewa: ni Ramadhani ya siku moja. Ujamaa huo ni wa kweli, lakini ndio pia unaokupoteza katika swali lako la fidia.

Amri yake imo katika Mambo ya Walawi, sura ya 16 na ya 23, inayowataka watu wazitese nafsi zao siku ya kumi ya mwezi wa saba, mwezi uitwao Tishri. Marabi waliyafasiri mateso hayo kuwa mambo matano ya kujizuia nayo: kula na kunywa, kuoga kwa ajili ya starehe, kujipaka mafuta, kuvaa viatu vya ngozi, na tendo la ndoa. Ndiyo maana huenda ulimwona mzee amevaa suti nzuri na miguuni ana raba za kitambaa. Juu ya hayo, kazi zote zinazokatazwa siku ya Sabato zinakatazwa pia, ikiwamo kuwasha taa na kutumia simu. Siku yao huanza magharibi, kama ilivyokuwa kwa Waswahili wa zamani, kwa hiyo anayefunga huanza kabla ya jua kuchwa na kumaliza nyota zinapoonekana kesho yake, takriban saa 25 bila daku katikati. Mwaka 2026, kwa mfano, saumu inaanza jioni ya Jumapili tarehe 20 Septemba, ambapo kwa London ni karibu saa moja kasorobo, na inakwisha Jumatatu usiku. Haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, kwani Wayahudi huongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19 ili sikukuu zao zisihame majira yake. Wala si siku ya matanga, ingawa wengi hudhani hivyo. Watu huvaa nyeupe, na kula vizuri siku ya kuamkia saumu kunahesabiwa kuwa sehemu ya ibada yenyewe.

Sasa tuje kwenye ruhusa ya mgonjwa. Sisi mgonjwa ana rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajia kupona hutoa fidia ya kulisha maskini. Kwa anayekula Yom Kippur kwa ajili ya ugonjwa hakuna kulipa wala fidia. Mtu akilisikia hili mara ya kwanza huliona kuwa ukali, nami niliwahi kuliona hivyo. Ukilitazama tena utaona ni kinyume chake: hakuna deni kwa sababu mgonjwa aliye hatarini hakuacha wajibu wowote. Wajibu wake siku hiyo ni kula, naye akila ameutimiza.

Katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika karibu na mwaka 200, kuna kitabu kizima kuhusu siku hii kiitwacho Yoma. Sura yake ya nane inasema kwamba mgonjwa hulishwa kwa kauli ya wajuzi, na wasipokuwapo hulishwa kwa kauli yake mwenyewe. Talmudi, inayoifafanua Mishna, inauliza: je, wakihitilafiana? Mgonjwa akisema mwili wangu unahitaji chakula, na waganga mia wakasema hahitaji, husikilizwa mgonjwa, kwa kuwa moyo unayajua machungu yake wenyewe. Lakini mganga akisema anahitaji na mgonjwa akasema hahitaji, husikilizwa mganga, na sababu inayotolewa ni kwamba huenda mgonjwa ameshikwa na mzubao. Nenda ukalisome hilo tena huku ukimkumbuka mzee wako saa tisa mchana, akikuita kwa jina la mkewe.

Lililo la ajabu zaidi linafuata katika sura hiyohiyo. Mishna inamtaja mtu aliyeshikwa na kitu kiitwacho bulmus, hali ya njaa kali inayomtia mtu kizunguzungu na kumfifiza macho, na inaamuru alishwe, hata kama kilichopo ni chakula kilicho haramu kwake, mpaka macho yake yarudi kung'aa. Talmudi inaongeza kwamba alishwe asali na vitu vitamu vya kila aina, kwa kuwa utamu huirudisha nuru ya macho. Sitasema wahenga hao walikijua kisukari cha kutumia insulini, maana huko ni kuwabebesha wasichokuwa nacho. Hata hivyo sijui ni maelezo gani ya zamani yanayofanana zaidi na kushuka kwa sukari, na tiba waliyoiandika ni ileile uliyoifanya bila kuisoma popote. Msingi wanaoujengea ni aya ya Walawi 18:5, inayosema mtu azishike amri na kuishi kwazo. Aishi kwazo, wanasema marabi, asife kwazo.

Basi kwa nini alilia? Tafadhali usilichukulie chozi lile kuwa ujinga wa sheria yake. Mwanamume wa Kiyahudi huanza kuwajibika kufunga akitimiza miaka 13, kwa hiyo mzee huyo amefunga karibu miaka 70, na Torati inamtamkia anayekula siku hiyo kwa makusudi adhabu ya kukatiliwa mbali na watu wake. Jambo alilolichukua mwilini kwa uzito wa namna hiyo haliwezi kumtoka kwa sababu tu amesomewa ukurasa wa Talmudi. Huenda alililia pia lile jina la mkewe. Wayahudi wenyewe wamepambana na hisia hii kwa muda mrefu: husimuliwa kwamba wakati wa kipindupindu cha mwaka 1848 mjini Vilna (leo Vilnius, Lithuania), Rabi Israel Salanter alipanda mbele ya waumini mchana wa Yom Kippur, akala mbele yao, ili asiwepo atakayeona haya kula. Wasimulizi hawaafikiani kuhusu kila kipande cha kisa hicho, lakini kinasimuliwa mpaka leo kwa sababu kuna watu wengi wanaokihitaji.

Upande wa mwili, jambo lenyewe si fumbo. Insulini iliyodungwa jioni huendelea kufanya kazi usiku kucha na mchana kutwa, ikishusha sukari ya damu kana kwamba chakula kinakuja. Haijui kuwa leo ni Yom Kippur. Ini hujaribu kuziba pengo kwa kutoa akiba yake, lakini akiba hiyo hupungua saa zinavyokwenda, na kwa mtu wa miaka 82 ambaye figo zake huenda zimechoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Sukari ikishuka, mwili hupiga kengele kwa jasho na kutetemeka, kisha ubongo, unaotegemea sukari zaidi ya kiungo kingine chochote, huyumba, na maneno hukosa mpango. Kutokunywa maji nako kuna hatari yake, hasa kwa anayetumia dawa za shinikizo la damu, kwani akisimama ghafla anaweza kuanguka. Halafu kuna baadhi ya vidonge vya kisukari vinavyoweza, mtu akikaa bila chakula na maji, kuichafua damu kwa asidi hata kipimo cha sukari kikiwa hakijapanda sana. Ndiyo sababu siwezi kukuambia kwa maandishi kwamba afunge au asifunge. Jibu limo ndani ya faili lake la hospitali.

Zipo njia kadhaa, nami nitakueleza ninavyoziona. Anaweza kufunga yote, baada ya daktari kumbadilishia dozi na kukubali kwamba hali yake inaruhusu. Baada ya tukio la mwaka jana, mimi sioni dalili njema hapo, na ningeshangaa daktari akikubali. Anaweza kubaki kitandani nyumbani badala ya kwenda sinagogi, na hapa utamsaidia sana ukilijua hili: kwa marabi, aliye dhaifu afadhali akae nyumbani na saumu yake kuliko kwenda kusali ikambidi kula. Wapo wanaume wanaokosea mpangilio huo kila mwaka kwa sababu ya kuonekana. Anaweza pia kula na kunywa kidogo kidogo kwa vipimo. Mishna imeweka kiasi cha kula kinachomtia mtu hatiani kuwa tende kubwa pamoja na kokwa yake (nami nimependa siku zote kwamba kipimo chao ni tende), na cha kunywa kuwa shavu moja lililojaa. Anayelazimika kula kwa ugonjwa huweza basi kupewa chini ya kiasi hicho, akapumzika dakika kadhaa, akapewa tena. Marabi wengi wa sasa huhesabu kama mililita 30 za chakula na 40 za kinywaji kila baada ya dakika tisa, ingawa wapo wanaotoa hesabu tofauti. Kwa mgonjwa anayehitaji kuweka sukari yake sawa mchana kutwa, njia hii inaweza kumpa usalama huku akijiona bado yumo ndani ya siku pamoja na wenzake. Na ikiwa daktari atasema hata hiyo haitoshi, basi atakula kawaida, na kwake hiyo ndiyo Yom Kippur.

Kwa kuwa mwaka mpya umekwisha kuingia, mnazo siku chache tu, maana kutoka mwaka mpya hadi Yom Kippur ni siku kumi. Mwombe binti yake apige simu kwa kliniki ya kisukari leo au kesho, si wiki ijayo, na aulize mambo matatu: dozi ya insulini ya jioni ile iwe ngapi, vidonge gani viendelee na vipi visimame, na ni kiwango gani cha sukari ambacho kikifika saumu inakwisha hapohapo. Majibu hayo yaandikwe. Kisha karatasi hiyo iende kwa rabi wake, na hapa nakusihi msiuruke mlango huu, kwa sababu neno ambalo mzee hatalipokea kwako, wala kwa binti yake, atalipokea kwa rabi. Wewe ni Mwislamu unayemtaka avunje saumu ya Kiyahudi. Hata kama una haki, sauti yako inafika kwake ikiwa na kasoro hiyo. Rabi akimwambia, "Mwaka huu nakuamuru unywe," hapo kunywa kunakuwa utii. Usihofu kuwa rabi atamdharau daktari asiye Myahudi, kwani sheria iliyoandikwa karne ya 16 inasema waziwazi kwamba kauli ya mganga mjuzi inakubalika hata kama si wa dini hiyo.

Siku yenyewe, andaa vyakula na vinywaji vyake kabla ya jua kuchwa, kutoka jikoni mwake na katika vyombo vyake, ili asiwe na mashaka ya kosher, yaani kama chakula ni halali kwake, juu ya mashaka mengine. Kipima sukari kiwe karibu, nawe umpime kwa saa alizozitaja daktari, kwani kupima kwa ajili ya uhai hakumharibii chochote. Taa zinazohitajika ziwashwe mapema. Hawezi kukutuma uwashe taa kwa raha zake, lakini la ugonjwa lina mlango mpana, wala huna haja ya kungoja akuombe. Wewe mwenyewe waweza kula ndani ya nyumba hiyo. Saumu si yako, na adabu uliyofunzwa nyumbani ya kutomlia mfungaji machoni inatosha.

Kipimo kikionyesha chini ya 4 kwa vipimo vya Uingereza, au ukaziona tena dalili za mwaka jana, hesabu za dakika tisa zinaishia hapo. Mpe mara moja juisi kiasi cha mililita 150 hadi 200, au sukari vijiko vidogo vinne katika maji, mpime tena baada ya dakika 15, na ikiwa haijapanda rudia. Akipanda, ale kitu cha kumshikilia. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimtie chochote kinywani: mlaze ubavu na upige 999. Na akiwa na akili timamu, kipimo si kizuri, lakini anakataa kunywa? Huna mamlaka ya kumkaba mtu mzima, wala dini yake haikukupa kazi ya polisi. Mwonyeshe karatasi ya daktari na ya rabi, mwite binti yake, na umpigie daktari, ukijua kwamba mara nyingi ukaidi wa ghafla kwa mgonjwa wa namna hii ni dalili ya sukari kushuka, kwa hiyo umpime upya kabla ya kubishana naye.

Limebaki lile la jikoni, ambalo hukulifanya swali, lakini ndilo nililotamani kulijibu zaidi. Wewe umelelewa ukifunzwa kwamba haki ya mja haifutwi na Mwenyezi Mungu mpaka mja mwenyewe asamehe, na kwamba kabla ya Ramadhani watu huombana radhi. Ile sura ya nane ya Yoma inamalizikia hapohapo: makosa baina ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyafuta, makosa baina ya mtu na mwenzake, Yom Kippur haiyafuti mpaka amridhishe mwenzake. Saumu ya saa 25, maungamo, kujigonga kifua kwa ngumi huku wakisema "tumekosa" kwa wingi, kisomo cha Nabii Yunus alasiri, vyote hivyo havigusi neno kali alilokutolea wewe. Mara ya kwanza niliposimama nyuma ya sinagogi la Nairobi saa ya mwisho ya siku hiyo, niliwatazama wazee waliokauka midomo wakisimama mpaka baragumu ya pembe ya kondoo ilipopulizwa, nikajiuliza ni wangapi kati yao waliokwisha kupita milango ya watu wiki ile kabla ya kuja pale.

Mzee wako alipita mlango wako. Maimonides, ambaye Waarabu humwita Musa bin Maimun, aliyekuwa daktari huko Misri na aliyefariki mwaka 1204, ameandika kwamba mkosaji amwendee aliyemkosea, na akikataliwa arudi hadi mara tatu, na kwamba aliyekosewa asiwe mkatili wa kukataa. "Hapana shida" yako ilikuwa ya heshima, najua. Ndivyo tulivyofunzwa kumpunguzia mzee aibu. Kwake, hata hivyo, imeacha jambo likining'inia, kwani umemwambia hakuna kosa, naye hakuja kuuliza kama kosa lipo. Kabla ya jioni ile, mwandalie chai, kaa naye, umwambie wazi: "Mzee, nimekusamehe yote, kwa moyo safi." Kama kuna neno moja lililokuuma kweli, unaweza kulitaja na kulisamehe kwa jina lake, atakushukuru zaidi. Na kama unataka, umuombe radhi na wewe, hata kwa ile juisi, si kwa sababu ulikosa, ila kwa sababu inaweza kumfungulia njia ya kusema alichokaa nacho kifuani tangu mwaka jana. Kama hayuko tayari kusema, muache.

Usiku saumu ikiisha, mpime kwanza kabla hajaivamia keki, ale pole pole, na muulizeni daktari mapema kuhusu insulini ya usiku huo. Halafu usishangae akikuomba nyundo. Siku tano baadaye inaingia sikukuu ya Sukoti, ya kukaa vibandani, na ni desturi ya wengi kupigilia msumari wa kwanza wa kibanda usiku uleule wa kumaliza kufunga. Mshikie ngazi, au afadhali apande binti yake.